Nyumba kwa Jina la Jirani

Mimi ni komisionere. Kwingine wanasema dalali, na hapa Malawi wana majina mengine ambayo siyaandiki. Kazi yangu ni kumkutanisha mtu anayehama na mtu anayetafuta pa kulala, na katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka watu hao wawili hawakosekani. Mmoja amepata safari ya Kanada, anauza nyumba yake ya matofali mabichi pamoja na mlango. Mwingine ameshuka juzi kutoka Fizi, kwetu Kongo, na batoto watano, anataka nyumba hiyohiyo kabla mvua haijaanza. Mimi niko katikati. Nina mdomo, nina miguu, na kichwani najua karibu kila nyumba ya kambi inavuja upande gani.

Wanunuzi wote ni walewale. Anaingia, anainua macho kwenye bati. Halafu anagonga ukuta kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Halafu anauliza choo kiko wapi. Mi ninamwacha amalize mchezo wake, kisha ninamwambia: bon, sasa twende tukaangalie nyumba yenyewe. Anashangaa. Ninamtoa nje, ninampeleka kwa jirani, ninamkalisha kwenye kiti cha watu, na ninampa kazi moja tu, aombe maji ya kunywa. Aangalie kikombe kinaletwa na nani. Aangalie kimeoshwa au hapana. Asikilize mwenye nyumba anaanza kumsema nani. Jirani anayemsema vibaya yule aliyehama, kesho atakusema wewe. Lakini jirani anayekuambia kwamba maji yake ya mvua yanapita nyuma ya ukuta wako, na kwamba mwaka jana alichimba mfereji ili yasile msingi, huyo mshike, hata kama bati lina matundu. Bati linazibwa. Mtu mbaya utamziba na nini?

Watu walinitania, wakasema mama huyu hauzi nyumba, anaposa majirani. Nilipenda kusemwa hivyo. Nilikuwa na kiburi, niseme ukweli, nilitembea njia za kambi kama mtu aliyesomea majirani chuoni. Na kiburi hicho njo kilimvunja mdogo wangu, mtoto wa tumbo moja na mimi.

Tulitoka Uvira pamoja, yeye akiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Mumewe tulimwacha kule, kaburini. Mdogo wangu ni mshonaji, na si mshonaji wa kubabaisha. Anakuangalia ukipita barabarani, kesho yake gauni limekutosha bila futi. Ila kambini washonaji ni wengi kuliko nguo, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa alihamia Lilongwe na binti zake wawili. Alipanga Kawale, alipanga Area 23. Mwenye nyumba wa Kawale alimtoa kwa kung'oa mlango. Alirudi kutoka kupeleka nguo za mteja akakuta batoto wamekaa ndani na mlango hakuna, na watu wanapita wanawaangalia. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu maishani, mlango ambao hakuna mtu angeweza kuung'oa.

Nyumba ikapatikana Mtandire, hukohuko Lilongwe, vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, mwenyewe anahamia kijijini. Mdogo wangu alinipigia simu. Kwetu dada mkubwa anaitwa yaya, na yeye tangu utoto hajawahi kuniita kwa jina.

"Yaya, we njo unajua mambo ya manyumba," alisema. "Mi sitauliza muntu mwingine. Ukisema nunua, nanunua."

Ili anunue, ilibidi auze cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo, na tena auze kiwanja cha marehemu mumewe kule Uvira, parseli ya pekee iliyobaki kwa jina la batoto wake. Shemeji yake angemuuzia. Maana yake alikuwa akikata njia ya kurudi. Nilijua hivyo. Nilimwambia angoje niende kuona.

Sasa, mkimbizi haandikiwi kiwanja mjini. Hilo tulilijua wote. Tena serikali ilikuwa imeshasema wakimbizi warudi kambini, wengi walirudi, na waliobaki mjini waliishi kwa kujibana. Aliyetaka nyumba alinunua kwa jina la mwenyeji. Kwenye daftari la amfumu, yaani chifu wa mtaa, linaandikwa jina la Mmalawi mmoja unayemwamini. Halafu ninyi wawili mnaandikiana karatasi yenu pembeni, kwamba yule ni jina tu na nyumba ni ya huyu. Yote yanasimama juu ya roho ya mtu mmoja. Kwa komisionere mwingine hiyo ilikuwa hatari. Kwangu mimi, mposa majirani, ilikuwa kazi niliyoiweza.

Jirani wa nyumba ile alikuwa seremala, mzee wa Kichewa, anayetengeneza vitanda na milango kando ya barabara. Nilienda, nikakaa, nikaomba maji. Aliinuka mwenyewe. Alikiosha kikombe mbele yangu, akaleta maji kwa mikono miwili, akaomba radhi kwamba hayakuwa ya baridi. Sikuuliza kitu, akaniambia mwenyewe kwamba ukuta wa nyumba ile umepata ufa kwa sababu ya mizizi ya mti wake, na kwamba angeukata, nyumba inunuliwe na nani. Mungu wangu! Miaka yote ya kazi sijakutana na jirani wa namna ile. Nilitoka pale moto mwilini. Nilimwambia mdogo wangu anunue. Nilimwambia huyu si jirani, huyu ni ndugu.

Siku ya karatasi tulikwenda na kuku, kitenge kizuri na miche ya sabuni. Kwetu, ukitaka neno la mwanaume lidumu, unawashika wanawe, kwa sababu baba akifa watoto njo wanabaki na vyake. Kwa hiyo zawadi zote tulimpa mkewe, tukawaita wanawe wawili, watu wazima, na wote wanne wakatia dole gumba. Nilijisifu sana. Wengine wanaridhika na dole la mwenye jina, mimi nilikuwa na madole manne.

Mlangoni alikuwa amekaa mama mmoja mzee, amenyoosha miguu kwenye mkeka, anamenya karanga ndani ya ungo. Alikuwa amekuja kutoka kijijini, upande wa Dowa. Seremala alinionyesha, akasema, huyu ni dada yangu. Kisha akanyamaza kidogo, kama mtu aliyekuachia nafasi. Mimi nilimsalimia yule mama kwa Kichewa changu cha sokoni, nikaruka ungo wake wa karanga, nikaingia ndani kufungua karatasi. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa nadhani ni mgeni aliyekuja mjini kutafuta dawa ya miguu. Hakupata hata mche mmoja wa sabuni.

Sitasema uongo, ile misimu mitatu ya mvua mdogo wangu aliishi vizuri. Seremala alimtengenezea mlango wa mbao nzito, na akaukata mti kama alivyosema. Kwenye ua wa nyasi uliokuwa kati yao walitoboa kijia. Mke wa seremala alipitisha bakuli la ndiwo, mboga ya kulia ugali, mdogo wangu alirudisha bakuli lina sombe, majani ya muhogo, na kila mmoja akalalamikia upishi wa mwenzake. Ninyi Wakongo mnapika majani mpaka yanasahau kwamba yalikuwa majani, yule mama alisema, na mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu Uvira. Binti zake walisema Kichewa kama batoto wa pale. Nilipokwenda kumtembelea alikuwa ananikaribisha mlangoni, ameweka mkono juu ya ule ubao, na mimi nilijisikia nimefanya kitu kimoja kizuri duniani.

Seremala alikufa mwishoni mwa miezi ya baridi. Kifua kilimshika, hakikumwachia. Mdogo wangu aliacha nguo za wateja mezani akakaa msibani mpaka mwisho. Alichota maji, alisonga nsima, ugali wa huku, kwenye sufuria ambalo lingeweza kumwogesha mtu mzima, alimshika mjane mkono kaburini. Mi pia nilikwenda. Nililia kweli, kwa sababu nilimpenda yule mzee.

Baada ya mazishi, tukiwa bado tumekaa uwanjani, akaja mtu mmoja wa makamo, mwalimu wa shule, amefunga tai, viatu vimejaa vumbi la makaburini. Alijitambulisha kwa heshima. Alikuwa mtoto wa dada wa marehemu. Alisema ukoo umekaa umemchagua yeye kuchukua nafasi ya mjomba wake, na kwamba mali ya mjomba sasa iko mikononi mwa ukoo: vyombo vya useremala, kiwanja cha nyumba kubwa, na hii nyumba ndogo ya pembeni, ambayo kwa amfumu imeandikwa kwa jina la mjomba.

Nilicheka. Nilicheka, Mungu anisamehe, nikadhani mtu hajui habari. Nikatoa karatasi yetu kwenye mkoba. Nilikuwa nimekuja nayo kwa bahati, au kwa kiburi. Niliwaita wale wana wawili, nikasema semeni. Wakasema kweli yote, kwamba nyumba ni ya huyu mama mshonaji, baba alikuwa jina tu. Mjane naye alisema, huku analia. Madole yangu manne, hakuna hata moja lililonisaliti isipokuwa lile lililokwenda kaburini.

Mwalimu alisoma karatasi mpaka chini. Akaikunja vizuri akanirudishia. Alisema Kichewa polepole ili tusikose neno.

"Mama, sikatai kwamba mjomba alikuwa na roho nzuri. Lakini ninyi mlikwenda kwa mke na watoto. Kwetu mke na watoto ni wa ukoo mwingine, ni wa ukoo wa mama yao. Watu wa mjomba ni sisi, watoto wa dada yake. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni siku ile, anamenya karanga. Mngemwambia yeye, leo ningekuwa mlinzi wenu. Hakuna aliyemwuliza kitu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, hasira ninaiweza, nina mdomo. Alisema kama mtu anayeona huruma. Yule mama mzee alikuwa amekaa na wanawake wa ukoo, kitambaa cha msiba kichwani, anaangalia chini. Hapo njo nilielewa kwamba siku ile niliruka nyumba yenyewe pale mlangoni ili niwahi kuingia ndani.

Mdogo wangu alikuwa bado na unga wa nsima kwenye mikono. Alinigeukia.

"Yaya, ule mama ulimuona siku ile?"

"Nilimuona."

"Na ulijua iko dada yake?"

"Nilijua."

"Na haukumupatia hata sabuni?"

Mimi, ambaye nilikuwa nafundisha watu wazima kuangalia kikombe kama kimeoshwa! Nilikuwa nimekaa nchi hii miaka mingi, nimekula nsima yao, nimezika nao, na sikuwahi kuuliza mtu akifa hapa anarithiwa na nani. Kuuliza si ujinga, tunawaambia batoto kila siku. Mi nilidhani dunia yote inagawa kama Uvira inavyogawa.

Tulihangaika. Tulikwenda kwa amfumu, akafungua daftari lake, akasema yeye anajua kilichoandikwa mbele yake. Nilikwenda kijijini kwa kabaza, baiskeli ya kubeba watu, nikiwa na kuku wawili na kitenge, nikapiga magoti mbele ya yule mama mzee. Alinipa kiti. Alinipa maji, kikombe kimeoshwa. Alisema angepokea kuku, lakini neno lilikuwa limeshakaliwa na ukoo, si lake peke yake tena. Nilirudi njia nzima natukana baiskeli, natukana mashimo, nalia. Kushitaki tungeshitaki wapi? Sisi wenyewe hatukutakiwa kukaa mjini. Mwalimu aliwaachia mpaka shule zifungwe, batoto wasikatishwe masomo. Watu watasema alikuwa mbaya. Mimi siwezi. Alichukua kile ambacho kwao kilikuwa chake, na aliyemfanya mdogo wangu kuwa mtu wa kupita alikuwa mimi.

Siku ya kuhama nilikwenda kusaidia. Mdogo wangu alikuwa ameshafagia vyumba vyote viwili, akanyunyiza maji, kama mtu anayengoja wageni. Mjane alisimama kwenye kile kijia cha uani. Mwalimu alikuwa amemwambia mdogo wangu kwamba mlango anaweza kuung'oa akaondoka nao, kwa kuwa mjomba alimtengenezea kwa mkono wake. Alikataa. Alisema hataki batoto wake waone mlango unang'olewa mara ya pili. Aliufunga, akampa mjane ufunguo, akapanda minibasi na cherehani iliyobaki ameikumbatia kwenye mapaja.

Alikaa kwangu Dzaleka wiki tatu. Wiki hizo ziliniua zaidi ya msiba. Hakunitukana, hakunirushia neno. Angenitukana ningeshukuru, ningepiga magoti pia. Alikuwa anaamka wa kwanza, anapanga foleni ya maji, anapika, na nikimwekea chakula anasema asante. Asante! Mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemwachisha kunyonya na kumfundisha kutembea, ananishukuru kwa sahani ya maharage kama mgeni. Nilijaribu kuzungumza. Siku moja alipokuwa anamsuka binti yake nilimwambia mdogo wangu, nimekosa, ni mimi. Alijibu kwamba ndiyo, anajua, na akaomba nimpitishie kitana. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja mapema akakaa sebuleni.

Kisha dada mmoja wa kanisani alimpa chumba upande mwingine wa kambi, na akahama. Aliniaga vizuri. Alitandika kitanda alicholalia.

Sikuacha kazi, maana sina nyingine. Nikiambiwa habari ya nyumba ya mjini siku hizi ninauliza kwanza mwenye jina ana dada, dada yuko wapi, anaumwa nini, anapenda nini. Watu wananicheka. Wanasema mama amepata posa mpya. Mi ninaacha wacheke.

Miezi ilipita. Siku moja mchana alikuja kwangu baba mmoja mgeni katika kazi hii, zamani alikuwa mwalimu Bukavu, mtu mpole, bado anaandika karatasi za mauzo kwa mwandiko wa ubaoni. Alitaka nimuangalizie daftari. Kuna nyumba ndogo alikuwa anauza huko upande wa pili, chumba kimoja na kibaraza, na mnunuzi alikuwa tayari. Nilisoma. Jina la mnunuzi lilikuwa la mdogo wangu. Nikamuuliza amelipaje, maana najua alibaki na nini. Akasema mama yule ameuza cherehani yake.

Nikasoma jina lile tena. Yeye alidhani natafuta kosa kwenye karatasi.

Karatasi zetu za kambini zina mstari wa ndugu wa mnunuzi, wa kutiwa sahihi, ili mtu akifa au akipata safari, ijulikane aitwe nani. Mstari ule ulikuwa mtupu, na hapo njo alikuwa na swali lake. Mteja wake alikuwa amemwambia kwamba hana ndugu hapa kambini. Tufanye namna gani, mama? Mi naogopa kuacha wazi, alisema. Halafu akapata wazo, akanitazama kwa heshima. Je, mimi nisingekubali kusaini pale, kwa kuwa ninajulikana, nimsaidie tu mama wa watu kama kwamba ni ndugu yake?

Nilichukua kalamu. Niliandika jina langu mbele ya neno ndugu, herufi moja moja, nikatia sahihi. Alinishukuru sana. Alisema Mungu ataniona, kwa sababu mteja wake ni mtu wa peke yake kabisa.

Kesho yake alirudi, haniangalii machoni. Alisema alimsomea mteja karatasi, na mteja akaomba aione mwenyewe. Aliishika kwa muda mrefu. Kisha akamwomba achane ukurasa ule na aandike mwingine, na mahali pa ndugu apaache wazi. Yule baba alitaka kujua kama karatasi ya namna hiyo inafaa. Nikamwambia inafaa.